Mtoto Mweusi wa Bwana Dubwana

Hapo zamani za kale, nguruwe walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, paliishi dume mmoja mweupe aliyeitwa Dubwana. Mnene huyo, akikaa benchi linalia kwii! Na maringo je? Msiniulize. Kila aliyekutana naye aliambiwa kwamba ukoo wake ni weupe watupu, na kwamba marehemu mama yake alikuwa mweupe kama unga wa sembe.

Mkewe, Bi Sikujua, mweupe vilevile, akajifungua watoto tisa. Wanane weupe. Wa tisa akatoka mweusi tii, kama sufuria la kuni.

Dubwana akamtazama, akapuliza pua, fuu! Akasema huyo si wake. Ikifika adhuhuri mama atoke na kitoto chake. Na nje ya ua alikuwepo Fisi, tangu asubuhi anajilamba. Bi Sikujua akaapa, akalia, akaapa tena kwamba hajawahi hata kumtazama dume mwingine. Wapi!

Sasa, mkunga wao alikuwa Pimbi. Kadogo, kanakaa kwenye mawe, lakini hakuna siri asiyoijua, maana wote kawazalisha yeye. Akamwambia Bi Sikujua afute machozi. Akateremka mbio mpaka bondeni, akarudi kabla jua halijafika utosini. Kisha akamwendea Dubwana kwa heshima zote.

"Bwana mkubwa, umesema kweli. Ila majirani wana midomo. Apa mbele yao, tuyamalize."

Dubwana akafurahi. Majirani wakaitwa.

"Naapa, yeyote mweusi atatoka kwenye ua huu leo!"

"Na mzazi wake?" akauliza Pimbi.

"Atoke naye!"

"Na mtoto wake?"

"Naye atoke!"

Ikasikika hodi. Akaingia bibi kizee, masikio yamemwangukia machoni, mweusi kuanzia pua mpaka mkia, kabeba kikapu cha viazi vitamu.

"Dubwana mwanangu, Pimbi kaniambia nimepata mjukuu. Mbona wewe hukuniletea habari?"

Kumbe Dubwana alimzika mama yake kwa mdomo tu! Mama mwenyewe huyo hapo, mzima, anatafuta pa kuweka viazi.

"Bwana huyu alizaliwa mikononi mwangu," Pimbi akawaambia majirani. "Weupe kaupata kwa baba, lakini weusi wa mama ulibaki ndani yake, umejificha. Bi Sikujua naye bibi yake alikuwa mweusi. Weusi wa huku umekutana na weusi wa kule, mtoto katoka nao. Kosa la mama liko wapi?" Akamgeukia Dubwana. "Haya bwana, kiapo ni kiapo. Mtoto wa mweusi, mlango ule pale."

Nje, Fisi akasogea karibu. Huyu angemtosha wiki nzima.

Dubwana akamwona. Akaona aibu, akaona hofu, akalia mbele ya watu wote. Akamwomba mama yake radhi, kisha mkewe. Bi Sikujua akamwacha alie kwanza, na mimi simlaumu.

"Futa kiapo chako," akasema mwishowe, "halafu mbebe mwanao."

Dubwana akakifuta, akambeba. Bibi akampa mtoto jina lake mwenyewe, na Fisi akaondoka na njaa yake.

Basi wanangu, anayetaka kumkana mtoto kwa rangi yake, na aanze kwa kumtazama mama yake mwenyewe.