Beberu Aliyeziba Ndiva

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana nami nilisimuliwa tu, huko milimani Upare palikuwa na kijiji kilichoishi kwa ndiva yake. Ndiva ni bwawa la udongo: maji ya mto hulala humo usiku, asubuhi baragumu likilia yanafunguliwa kwenda mashambani. Basi mwaka huo mto ukakauka, ndiva ikakauka, mahindi yakajikunja majani.

Ukaitishwa mkutano, ikaamuliwa kwamba atakayerudisha maji apewe beberu mnono. Beberu wa nani? Mjane Nakiete alikuwepo mkutanoni, ila usingizi ulimchukua, kichwa kikawa kinaenda chini, kinarudi juu. Watu wakasema, "Mama amekubali." Alipozinduka, beberu wake keshakuwa zawadi.

Ilimuuma sana. Beberu huyo alimwita Shemeji, kwa kuwa alikula sana, hakufanya kazi, na hakufukuzika. Lakini tangu mumewe afariki, ndiye pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho.

Akaja Mbazi. Akapanda hadi chemchemini, akakata mikaratusi yote iliyokuwa ikinyonya maji, akapanda mikuyu badala yake. Chemchemi ikatoa machozi, kisha ikatoa maji.

Akaja Mrutu. Maji yalikuwa yakikwama njiani, mfereji umejaa tope. Akazibua, akazibua, mpaka watoto wakawa hawajui yupi Mrutu na lipi tope. Maji yakafika.

Jioni ndiva ikajaa, asubuhi ikakutwa tupu. Jioni ikajaa tena, asubuhi tupu. Walitafuta tundu wasilione, maana nyasi zilikuwa zimelifunika.

Hata hivyo Mbazi na Mrutu wakaenda kudai zawadi, huyu kashika pembe, yule kashika mkia.

"Mimi nimeyaleta maji," akasema Mbazi.

"Mimi nimeyafikisha," akasema Mrutu.

Nakiete alikuwa amemkumbatia Shemeji shingoni, analia waziwazi. Beberu alipoona wale wawili wanatoa kisu wamchinje, akajichomoa mikononi mwao wote, mbio, akatumbukia kwenye ndiva tupu. Wakamtafuta mpaka giza likaingia, wapi.

Asubuhi wakakuta ndiva imejaa pomoni. Wakazunguka ukuta kwa nje, na Shemeji huyo hapo: kichwa nje kinatafuna nyasi, tumbo limekwama tunduni, makalio yako majini. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nakiete akafuta machozi. "Jamani, Mbazi kayaleta, Mrutu kayafikisha, nayo yakawa yanatuaga kila usiku. Nani kayazuia? Zawadi ni yake. Beberu apewe beberu, nami nitamsindikiza nyumbani."

"Na tundu kalitoboa nani, mama?" akauliza Mbazi. "Si huyuhuyu, kila siku analamba ukuta kutafuta chumvi, na wewe unamwangalia?"

"Nilimwona, sikatai. Na ile mikaratusi ya chemchemini, mwanangu, aliipanda nani?"

Mbazi akakohoa. Mrutu akacheka mpaka akajishika mbavu, na hapo Nakiete akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Ulilima mpaka ukingoni mwa mfereji, mvua ikaja. Tope ulilozoa si la shamba lako?"

Mrutu akaanza kujikwangua tope magotini.

Mpiga baragumu, ambaye ndiye mlinzi wa ndiva, akaona hapa hapana msafi. Akaamua beberu asivutwe mpaka mwenyewe ajulikane, kwa sababu akitoka yeye na maji yanatoka. Basi wakasimama. Nakiete ana bonge la udongo mkononi, tayari kuziba. Mbazi na Mrutu wanagombea kisu. Maji yanapanda, na Shemeji amekwisha kumaliza nyasi zote zilizo karibu na mdomo wake.

Haya, semeni nyie mnaocheka, na wewe unayesinzia pale nyuma, chunga sana kichwa chako kisije kikakubali kitu. Je, nani alistahili beberu yule?