Mwangalizi wa Njia ya Nne

Mtu mmoja alikuwa na kazi ndogo: kutazama ukuta. Jina lake Bi Mwanakombo, na kwa miaka kumi na tisa, kila penye mashindano ya kuogelea, alisimama ukingoni mwa bwawa na saa ya kubonyeza mkononi, ameinamia njia moja tu. Mkono wa mwogeleaji ukigusa ukuta, naye abonyeze. Basi, hiyo ndiyo kazi yote.

Kisha ikaja mitambo. Kila njia ikawekewa kibao cha umeme ukutani. Mwogeleaji akikigusa, muda unajiandika wenyewe kwenye ubao mkubwa. Waangalizi wakaambiwa waendelee kusimama, huenda siku moja wakahitajika. Wakasimama, ndiyo, lakini mtegemea cha nduguye mnamjua mwisho wake. Bi Mwanakombo akazoea kunong'ona na jirani yake mbio zikiendelea, na hakuna lililoharibika.

Siku ya siku, binti aitwaye Riziki aliogelea njia ya nne, na binti mwenzake, Pendael, njia ya tano. Nafasi ya kuingia timu ya taifa ilikuwa moja. Mita kumi za mwisho walikuwa bega kwa bega, watu wote wamesimama, na Bi Mwanakombo, aliyepewa njia ya nne, kwa hamu ya kujua nani anashinda akageuza macho akamtazama Pendael. Aliposikia kelele zimepanda, akabonyeza. Ubao ukaandika muda wa Pendael. Wa Riziki haukuandikwa. Vidole vyake viligusa taratibu mno, kibao hakikumsikia.

Waamuzi wakamjia Bi Mwanakombo. Saa yake ilionyesha Riziki ametangulia, kwa kiasi cha kupepesa jicho. Akiwapa saa na kunyamaza, Riziki anaingia timu ya taifa, na huenda kashindwa. Akisema kweli, huenda anamnyang'anya aliyeshinda. Akajitahidi kuukumbuka ule mkono, akaukosa. Kila alipofumba macho alimwona Pendael. Riziki alikuwa bado majini, ameshika ukingo, anamtazama yeye wala si ubao. Miaka kumi na tisa, na hii ndiyo mara ya kwanza kuulizwa alichokiona.

Mwamuzi mkuu akataka kujua kama aliuona mkono ukigusa.

"Sikuona, baba," akasema. "Nilikuwa natazama kwingine."

Ikaamriwa warudie, wawili peke yao, baada ya saa moja. Riziki alikuwa ameshaogelea mara tatu tangu asubuhi, mwenzake mara moja tu. Pendael akashinda waziwazi, hakuna aliyebisha. Watu wakamshika mkono Bi Mwanakombo, wakamsifu kwa ukweli wake. Riziki akapita na taulo begani, akamwamkia kwa adabu kama alivyofundishwa kwao, akaenda zake. Salamu ile ilimchoma kuliko tusi.

Alisema kweli, nami simbezi. Lakini pale bwawani hakuwekwa aseme kweli, aliwekwa atazame. Sasa ninyi mnaojipa moyo kwamba siku ya kuulizwa mtakiri na mtasamehewa, niambieni: yule aliyegusa ukuta ninyi mkitazama kwingine, nani atamrudishia?