Udongo wa Kwanza wa Namkunda

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kina fundo, na waliokisikia kabla yenu hawakuweza kulifungua.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare waliishi watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Nakijwa, mke wa jirani yake Namkunda, alijaliwa ulimi, hakuchoka kusema. Mbonea alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mashamba. Yeye alijaliwa moyo wa kukiri kosa: akivunja chungu chako, atakuja mwenyewe na vigae mkononi. Kadeghe mfinyanzi alizaliwa bubu, naye alijaliwa kukaa. Akikaa karibu nawe, haondoki upesi.

Siku hizo neno moja la Kiingereza lilikuwa limepanda mlima pamoja na watoto wa shule. Ukijikwaa, utaambiwa sori. Aliyekukanyaga, sori. Basi limekuacha, sori. Kuku wako kachukuliwa na mwewe, sori. Wazee walizoea kumpa pole aliyeumia na kumwomba radhi waliyemkosea. Sasa yote yalitiwa katika neno hilo moja, kama mtu abebaye mahindi na samadi kwa kikapu kilekile.

Namkunda, mjane, hakulijali neno hilo mpaka mwaka wa ukame. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja, lilipigwa, kijiji kizima kikatoka kuzoa tope la ndiva na kukandika kingo zake kwa udongo mbichi. Desturi ni kuuacha udongo ukauke kwanza, ndipo tundu la maji lizibwe, bwawa lijae. Lakini mahindi yalikuwa yananyauka, watu wakamlilia Mbonea, naye akaziba mapema. Asubuhi ukingo ukapasuka. Maji yakamkuta Sifaeli, mwana pekee wa Namkunda, akipalilia shambani huko chini.

Alifikishwa zahanati angali na pumzi. Baadaye mganga akatoka, akafuta mikono, akasema, "Sori, mama." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Baada ya maziko Namkunda alifunga mlango kwa komeo, akajilaza juu ya mkeka. Hakula. Hakulia. Alijaribu kusali, akafika "Baba yetu," akakwama hapo, maana hakujua Baba huyo alitaka nini kwa mtoto wake.

Nakijwa akaja kubisha. Akienda kisimani, "Sori, mama Sifaeli." Akirudi na ndoo kichwani, "Sori jamani, fungua basi." Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Hata Namkunda akainuka kwa hasira, akang'oa komeo.

"We mwanamke! Sori, sori, kama kasuku! Umenikanyaga? Umenimwagia uji?"

"Hapana, mama. Ila sijui neno jingine, na kunyamaza siwezi."

"Ulimi huo ungefaa kufukuza nyani shambani."

"Basi nipe shamba, niwafukuze."

Namkunda hakucheka. Lakini mlango ulibaki wazi.

Kwa mlango huo akaingia Mbonea, kofia mkononi, akapiga magoti. "Sori," akasema.

"Na wewe?"

"Wengine wamekupa pole, dada. Mimi sina haki ya kukupa pole. Ndiva niliiziba mimi, udongo ungali mbichi. Na nilijua."

Mazikoni Namkunda aliambiwa kwamba ni mpango wa Mungu, naye tangu siku ile alikuwa akigombana na Mungu peke yake. Sasa aliuona mkono wa mtu. Akapiga yowe, akalia, akauchukua mwiko na kumpiga nao Mbonea mabegani. Mbonea hakujikinga.

Kadeghe aliingia kilio kikiwa bado kinaendelea. Hakusema sori, hakuwa na neno lolote. Akaketi pembeni mwa mkeka na chungu cha uji, akanywa funda moja, akamsogezea Namkunda kata mdomoni. Namkunda akaisukuma, uji ukamwagika. Kadeghe akapangusa, akachota tena. Jua likazunguka nyumba, yeye yupo palepale, mpaka koo likapokea.

Hivyo Namkunda akaishi. Alilima, akaenda kanisani, akajibu salamu. Furaha haikurudi. Kisha maradhi yakamlaza.

Kijijini pale, asiye na mtoto humwita mtu mmoja "mwanangu" mbele ya mashahidi kabla hajafa. Mmoja tu. Huyo ndiye atakayemtupia udongo wa kwanza na kulitunza kaburi lake. Asiyemwita mtu huzikwa kama mpita njia.

Wote watatu wakaja.

"Bila mimi," alisema Nakijwa, "mlango huu ungevunjwa na wachukuzi wa jeneza."

"Mlango uwe wazi na machozi hayatoki, ungefaa nini?" alijibu Mbonea. "Pengo hili nililiacha mimi. Niacheni nilizibe."

"Kuziba kwako ndiko kulikotufikisha hapa, shemeji."

Mbonea akainamisha kichwa. Kadeghe alishika nyayo za mgonjwa, akazipasha joto kwa viganja vyake.

"Mama Sifaeli," alisema mzee wa kanisa, "taja mmoja, Mungu anasikia."

Namkunda akawatazama. Kumwita mwingine mwanangu aliona ni kumzika Sifaeli mara ya pili. Kutomwita mtu ni kushuka ardhini bila wa kwake.

"Nyinyi watatu mliniamsha," akasema taratibu. "Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuamka."

Nakijwa, lile neno sori lilimfika midomoni, akalimeza.

Mzee wa kanisa ameinama, sikio karibu na kinywa cha mgonjwa, na pumzi zinazidi kuwa fupi. Mmoja alifungua mlango, mmoja alifungua machozi, mmoja alifungua koo. Je, wewe unayesikiliza, lau ungekuwa umelala pale juu ya mkeka, ungemwita nani mwanangu?