Mganga wa Mvua Aliyechechemea

Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka ambao hata vyura walisahau nyimbo zao. Simba akamwita mganga wa mvua kutoka milimani, mganga ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ada yake ilijulikana: mwanakondoo mweusi. Na mweusi alikuwa mmoja tu, mtoto wa pekee wa Mama Kondoo.

Fisi aliposikia, hakungoja. Akajipaka majivu mwili mzima, akajitanda kaniki, akaingia uwanjani kwa Simba akichechemea kama kawaida yake. Wote walimtambua kabla hajabisha hodi. Simba peke yake hakumtambua, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kumtazama mtu usoni. Mfalme hutazama juu ya vichwa.

"Karibu, Mganga," Simba akanguruma. "Huku tuna balaa mbili: jua na Fisi. Yule mwizi nikimpata nitamchuna ngozi."

"Mchune, Mtukufu," Fisi akajibu akimeza mate. "Amezidi. Huyo mwanakondoo yuko wapi?"

Mama Kondoo akamkimbilia Sungura huku akilia. "Mwambie Simba ukweli, wataniulia mwanangu!"

"Nimwambie Simba kwamba haoni?" Sungura akauliza. "Ngozi yangu bado naipenda. Tulia, mama."

Akaenda kupiga magoti mbele ya Simba. "Mtukufu, mgeni wetu ameona haya kututajia mwiko wake. Mganga wa mvua hali, hanywi, wala hakai kivulini mpaka mvua inyeshe. Ada yake hukabidhiwa mvuani. Au nimekosea, Mganga?"

Fisi akatazama huku na huku. Kumkanusha Sungura kungekuwa kukiri kwamba haijui kazi yake. "Hujakosea," akasema kwa sauti ndogo.

Wakamsimamisha juu ya jiwe katikati ya uwanja. Siku ya kwanza aliimba nyimbo za kubuni. Siku ya pili akaacha kuigiza, akaomba kwa moyo wote. Siku ya tatu alikuwa akiyabembeleza mawingu, akiyaita shangazi. Wanyama walipita mmoja mmoja. "Pole na kazi, Mganga," walisema, na hakuna aliyecheka, ingawa Nyani ilimbidi aende nyumbani mapema.

Siku ya nne mvua ikanyesha, mvua ya kweli. Fisi akaruka kwa furaha. "Mwanakondoo wangu!" Kaniki ikamdondoka, majivu yakatiririka, madoadoa yakatokeza. Simba alikuwa amekuja mwenyewe kukabidhi ada, na kwa mara ya kwanza ikambidi atazame chini.

"Fisi!" akanguruma. "Umemla mganga wangu!"

Fisi akatimua mbio na njaa yake ya siku nne, akiacha nusu ya mkia kwenye meno ya Simba. Mama Kondoo akamkumbatia mwanawe palepale mvuani, hakujali kulowa.

Simba akaamuru matanga ya siku tatu kwa ajili ya marehemu mganga. Siku ya mwisho akafika Kobe, mganga mwenyewe, akiomba radhi kwa kuchelewa. Sungura akampokea mlangoni, akampa maji, akamshauri arudi tu kwake. "Huku, mzee wangu, tumeshakulilia."

Fisi hajakanyaga uwanja ule hata leo. Njia ya mwongo ni fupi.