Mkono wa Kulia wa Bastián

Kitu kikiviringika mvunguni mwa kitanda, iwe pete ya ndoa au kifungo cha shati, hakitoki kwa kuitwa jina. Mwenye shida nacho hupiga magoti, hulaza shavu karibu na sakafu, hula vumbi lake kimyakimya, ndipo mkono wake ufike. Hayo ndiyo waliyoyaona wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wapo wanaodhani methali hii walitungiwa wanyonge peke yao. Bastián Vargas, wa mtaa wa Santiago mjini Jerez, Hispania, alidhani hivyo kwa miaka mingi, tena kwa sauti.

Bastián alikuwa mpiga gitaa. Katika mtaa ule mtoto hujua kupiga makofi ya buleria, ngoma ya kasi ya huko, kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo mtu akisifiwa huko, sifa hizo si za bure. Naye alisifiwa. Alipozichapa nyuzi kwa vidole vyote kwa mpigo mmoja, glasi zilitetemeka juu ya meza na watu wazima walipiga kelele kama watoto. Kucha za mkono wake wa kulia alizifuga ndefu, akazipaka gundi kali ya dukani ili zisivunjike, na akipita sokoni aliuweka mkono huo mbele ya kifua kama bibi harusi anayeonyesha pete. Hakuna aliyemkataza kuringa, maana mwenye nacho haambiwi.

Lakini Bastián alikuwa na donda la siri. Upo upigaji unaoitwa picado, ambapo nyuzi hudonolewa moja moja, kwa kasi, na kila noti husikika peke yake kama tone la maji. Kidole cha shahada na kidole cha kati hupokezana kama miguu ya mkimbiaji, wala hakuna kidole kinachoruhusiwa kukanyaga mara mbili. Hapo ndipo mkono wa Bastián ulipomwaibisha. Kila alipohama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, kidole kimoja kilirudia hatua. Aliificha aibu hiyo kwa kupiga mguu chini kwa kishindo, au kwa kuuachia mkono wa kushoto utoe noti ambazo wa kulia ulishindwa kuzitoa. Klabuni, katikati ya makofi na mvinyo, hila hiyo ilipita.

Haikupita kwa shangazi yake, Hilaria. Mama huyu alikuwa mwimbaji, na sauti yake ilikuwa na mikwaruzo mitamu ambayo watu walisafiri kuja kuisikia. Siku ya Pasaka, jamaa wote wakiwa wamezunguka sufuria ya mchuzi wa dengu, aliweka kijiko chini akatangaza kwamba ataimba mara ya mwisho baada ya mavuno ya zabibu, Jumapili adhuhuri, katika klabu ya mtaa.

"Na kabla ya ubeti wa mwisho," alisema, "nataka lile shairi la gitaa la Anselmo. Lote, bila kupunguza kitu. Tangu azikwe sijaimba ubeti ule, kwa sababu hakuna aliyenifungulia mlango wake."

Anselmo alikuwa marehemu mumewe. Kila mtu mtaani aliweza kulipiga mluzi shairi lake lile lisilo na maneno; kulipiga kwa gitaa ndiyo ilikuwa kazi, maana lilikuwa picado tupu, linashuka na kupanda nyuzi zote sita kwa kasi ya kutisha.

"Nitapiga mimi, Shangazi," Bastián alisema, akajifuta mdomo. "Nani mwingine? Damu ni damu."

"Lete gitaa."

Akalipiga palepale. Watoto walishangilia. Shangazi Hilaria alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua hayakuwa na furaha.

"Gitaa lako linachechemea, mwanangu."

"Ni nyuzi mpya, Shangazi. Bado hazijazoea."

"Nyuzi zina miguu? Mwenye kuchechemea ni wewe. Nimelala na mkono wa Anselmo chumba kimoja maisha yangu yote, utanidanganya mimi? Sikiliza. Ukifika wakati wa mavuno likiwa bado kiwete, nitamwita yule kijana mpiga gitaa wa Sevilla."

Kukalisha mtu wa Sevilla kwenye kiti cha Anselmo, mbele ya Santiago nzima! Afadhali angemtukana.

Tangu siku hiyo Bastián alijifungia. Alipiga kwa haraka, akashindwa, akaongeza haraka zaidi, akidhani kwamba kasi ni mlango unaovunjwa kwa bega. Mkono ulikakamaa hadi kiwikoni kama samaki wa chumvi. Kadiri alivyosukuma, ndivyo kidole kilivyorudia hatua yake ileile. Mwishowe alikwenda kwa shangazi yake akiwa ameinamisha kichwa, ingawa shingo ilikuwa bado ngumu.

"Anselmo alimwachia mtu mmoja tu mkono wake," Hilaria alimwambia, "na unamjua."

"Kwa Araceli siendi."

"Basi usiende. Sevilla ina simu."

Araceli alikuwa mwanafunzi wa Anselmo, binti wa muuza mikate. Siku zake za jukwaani zilikatizwa na ajali ya pikipiki. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilivunjika vibaya, na tangu hapo hakuweza kuibana shingo ya gitaa zaidi ya dakika chache. Wa kulia ulibaki mzima, na watu waliojua walisema ulikuwa wa Anselmo mtupu. Wiki ile ya ajali, Bastián alisema klabuni kwa sauti ya kusikika, "Ashukuriwe Mungu, sasa gitaa litapumzika na sisi tutapumzika." Watu walicheka. Araceli alikuwa mlangoni, mkono ukiwa kwenye plasta, na alisikia kila neno.

Sasa Bastián alipanda ngazi za nyumba iliyo juu ya duka la vifungo na nyuzi za kushonea, mahali Araceli alipofundishia. Alimkuta akifagia.

"Haa! Umepotea njia, Bastián? Klabu iko mtaa wa pili."

"Nimekuja kwako." Alikohoa. "Nataka unionyeshe mkono wa Mzee Anselmo. Shangazi anataka lile shairi."

"Nasikia. Nasikia pia unachechemea."

"Nani kakwambia?"

"Bwana wee, Jerez hii!" Aliegemea ufagio. "Kabla ya mkono, kuna maneno fulani uliyasema mimi nikiwa na plasta. Unayakumbuka, au nikukumbushe?"

Bastián alitazama sakafu. Angeweza kusema kwamba ulikuwa utani wa mvinyo. Kwa bahati yake hakusema.

"Nayakumbuka. Yalikuwa maneno ya mtu mbaya. Nisamehe, Araceli."

"Nimesikia. Kusamehe kutakuja kwa mwendo wake," alijibu, akaendelea kufagia. "Jumatano, baada ya usingizi wa mchana. Darasa la wanaoanza."

"La wanaoanza? Mimi?"

"Picado yako inaanza, kwa hiyo na wewe unaanza. Tena zikate hizo kucha. Umezifuga hadi zinakwama kwenye uzi. Unadonoa nyuzi au unaparua samaki?"

Alizikata usiku ule mwenyewe, na hakuna haja ya kuficha: iliniuma hata mimi niliyesimuliwa. Jumatano akaketi kwenye kigoda kifupi, magoti yakigusana na gitaa, katikati ya daktari wa meno mstaafu, Don Fulgencio, na binti wa miaka minane aitwaye Jimena, ambaye alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Mwalimu, huyu si ndiye yule wa klabuni? Kafeli?"

"Karudia darasa," Araceli alisema. "Haya. Uzi mmoja. Mkono wa kushoto weka mapajani, hauna kazi leo."

Aliwaonyesha. Kidole gumba kilitulia juu ya uzi mnene. Cha shahada kilidonoa, kisha kikaegemea uzi wa jirani kama mtu aliyeegemea ukuta. Kilipodonoa cha kati, cha shahada kikaachia, kikalegea, kikangoja zamu. Ilikuwa kazi ndogo sana, na ilipendeza kuitazama, kwa kuwa mkono wenyewe haukuonekana kutikisika.

"Mmeona? Kasi haitoki kwenye nguvu. Kidole kimoja kikifanya kazi, kingine kinapumzika kabisa. Vyako, Bastián, vinagombania mlango mmoja kama watu wanaokimbia mvua. Polepole. Polepole zaidi. Mbona unakunja uso? Uso haupigi gitaa."

Majuma yakapita hivyo, uzi mmoja, mwendo wa konokono. Kisha nyuzi mbili, ambapo kila kuhama kulikaguliwa kama forodhani. Kisha Araceli akawapa noti chache za kasi na pumziko refu, noti chache na pumziko, ili mkono ujue kukimbia bila kukakamaa. Na Bastián, nasema bila kumpendelea, alifanya kazi. Jioni alikuwa akidonoa juu ya paja lake hata akingoja mkate dukani.

Halafu Jumamosi moja ya kiangazi marafiki walimvuta klabuni, wale ambao mtaani huitana binamu. "Tupe kidogo, binamu! Au Araceli kakufunga kamba?" Glasi moja, ya pili, na kiburi kikaamka. Akapiga kwa haraka zile nyimbo zake za zamani, kwa vishindo vya mguu, na watu wakaruka.

Jumatano iliyofuata Araceli alimsikiliza kwa muda mfupi tu.

"Umepiga wapi?"

"Sijapiga popote."

"Kidole chako kimeshaniambia. Kimerudia hatua yake. Haya, uzi mmoja, kushoto mapajani."

"Tangu mwanzo? Araceli, mavuno yameanza!"

"Najua. Nasikia matrekta."

Bastián alisimama. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alilifungia gitaa ndani ya sanduku lake, akaufungua mlango, akashuka ngazi mbili. Hakuna aliyemwita. Nyuma yake alisikia Jimena akidonoa uzi wake, polepole, sawasawa, kidole kwa kidole, bila hata noti moja kuchechemea. Bastián alisimama pale ngazini akasikiliza. Alimwonea wivu mtoto wa miaka minane, wivu wa kweli, na alipoujua wivu huo kwa jina lake, alicheka peke yake. Akapanda tena, akaketi, akaweka mkono wa kushoto mapajani.

"Nani alikwambia ufungue mlango wangu na kuuacha wazi?" Araceli alisema. "Funga, mbu wanaingia." Lakini alikisogeza kigoda chake karibu naye, na tangu siku ile alimfundisha kama mtu anayerithisha mali, akiusahihisha mkono wake kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili ya Shangazi Hilaria ilipofika, klabu ilijaa hadi barabarani. Mama aliingia na gauni jeusi na ua kichwani, akaketi, akapiga goti lake kwa vifundo vya vidole kutafuta mwendo. Kando yake, kwenye kiti cha Anselmo, aliketi Bastián mwenye kucha fupi. Araceli alikuwa safu ya mbele. Waliimba na kupiga, watu wakaitikia, wakamwaga machozi yao ya kawaida na kuagiza mvinyo zaidi. Kisha mama akageuka, akamtazama mpwa wake. Ulikuwa umewadia wakati wa mlango ule.

Bastián alilegeza bega. Cha shahada, cha kati. Shairi la Anselmo lilianza kushuka nyuzi, noti baada ya noti, kila moja nzima na safi, likapinda chini kabisa na kupanda tena bila kukanyaga mara mbili popote. Mguu wake haukupiga kishindo. Wenye kuelewa walisahau hata kushangilia kwa "Ole!" yao ya kawaida. Alifunga mahali palepale alipofunga marehemu, akamwachia mwimbaji nafasi.

Shangazi Hilaria hakuimba.

Makofi ya mwendo yalififia. Bastián akadhani mama amesikia kasoro ambayo yeye hakuisikia. Alimtazama Araceli, naye alitikisa kichwa taratibu: hapana, hakuna kitu.

"Tena," mama alisema kwa sauti ndogo.

Akapiga tena, lote, vilevile. Na safari hii, noti ya mwisho ikiwa bado hewani, Shangazi Hilaria alifungua kinywa, ubeti uliokaa kimya tangu mazishi ukatoka, na klabu nzima ikasimama.

Waliposhuka jukwaani, watu walimzonga Bastián, wakimshika mkono na kuugeuzageuza. "Binamu, mkono huu umeutoa wapi?" Hakutafuta maneno. "Kwa Araceli," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "darasa la wanaoanza." Araceli aliyekuwa karibu aliinua glasi yake kidogo kumwelekea, na hapo Bastián akajua kwamba kule kusamehe kumefika.

Kisha akamwendea shangazi yake. "Ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani, Shangazi? Mbona hukuimba?"

Mama alimshika shavu kwa kiganja.

"Haikuwa na kasoro, mwanangu. Ile ya kwanza nilikuwa namsikiliza mume wangu."

Bastián alilia mbele za watu, na hakujificha. Alichokitafuta kwa kiburi hakukipata. Alikipata aliposhuka hadi kilipo. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.