Chumvi ya Siku ya Saba

Hapo zamani, siku ya saba ya matanga ya Shomari, waliokuwapo uani ni hawa. Alikuwapo Chausiku, mjane wake, ameegemea ukuta na mtoto mchanga mapajani. Alikuwapo Bi Tabu, mama yake Shomari. Alikuwapo Mashavu, jirani wa ukuta mmoja, amesimama jikoni na mwiko kama askari. Alikuja Masumbuko, mtani wa ukoo, kutoka ng'ambo ya milima. Na mtoto mwenyewe alikuwapo, wa kiume, wa siku kumi, hana jina. Wengine walikuja kula tu, hao hatuwahesabu.

Mtoto hakuwa na jina kwa sababu alipozaliwa, baba yake alisema, "Chausiku, huyu mpe jina wewe. Mimi nitampa mtoto wa pili." Siku ya tatu homa ikamchukua Shomari, na huyo wa pili akabaki maneno tu.

Tangu hapo Chausiku hakusema. Hakulia, hakula. Aliwasikia watu kwa mbali, kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji. Lakini macho yake yaliona. Aliona nani kabadilisha mkeka bila kuambiwa. Aliona nani anamfukuzia mtoto nzi. Kushukuru ndiko kulikomshinda. Maziwa nayo yakaanza kukauka, na mtoto akawa analia kilio chembamba, kama mlango usiopakwa mafuta.

Bi Tabu akatangaza mbele ya watu, "Atakayemfungua mkwe wangu kinywa, akasema na akala, mtoto huyu atabeba jina lake. Atakuwa somo yake maisha yote."

Watu wakajaribu. Mmoja akaimba, Chausiku kimya. Mmoja akajifanya kaanguka, Chausiku kimya. Mmoja akaanguka kweli, Chausiku kimya.

Bi Tabu naye hakuchoka. Kila chakula kikija alifinyanga tonge, akampelekea mkwe wake mdomoni. "La mwanangu hili, mama. Pokea." Chausiku hafungui. Sasa Bi Tabu atalitupaje tonge la marehemu mwanawe? Analila yeye. Asubuhi tonge, mchana tonge, jioni tonge. Kufika siku ya saba kanga ilikuwa haimzunguki vizuri, na wanawake wakanong'onezana, "Jamani, huyu kufiwa kunamnenepesha!" Chausiku peke yake, kwa kuwa alikaa karibu, ndiye aliyeona kwamba kila tonge lilimshuka Bi Tabu kooni kama jiwe.

Jikoni Mashavu alikuwa na vita vyake. Kila mwanamke aliyepita karibu na chungu alimhurumia mfiwa, na huruma yake aliitia chunguni: konzi ya chumvi. Wa kwanza akatia, wa pili akatia, wa tatu akaonja, akasema bado, akatia. Siku ya tano wageni walimaliza mtungi mzima wa maji. Siku ya sita mbwa alinusa ukoko, akaenda zake.

Siku ya saba Mashavu akashika mwiko. "Leo asiguse mtu chungu changu! Atakayetia chumvi, nitamtia yeye humo ndani!"

Wakamwogopa. Hakutia mtu. Na Mashavu mwenyewe, kwa kule kulinda, akasahau kutia.

Chakula kilikuwa kinapakuliwa pale Masumbuko alipotokea mlangoni anapiga kelele. "Nani kamruhusu mtani wangu kufa? Mimi nimeombwa? Nimeulizwa?"

Mtani ndivyo alivyo. Msibani ana ruhusa ya kumtania hata marehemu, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Masumbuko akataka kigoda cha Shomari. Akataka na kofia yake, ili aigize.

Mashavu akanyanyua mwiko. "Huna haya? Humwoni mwenzio alivyo? Rudi kwenu!"

Lakini Bi Tabu aliingia ndani, akatoka na kofia ya mwanawe, akampa. Chausiku aliona vidole vya mama yule vilivyochelewa kuiachia. Aliona pia miguu ya mtani. Ilikuwa imevimba, ina vumbi la mwendo wa siku mbili.

Masumbuko akakaa kwenye kigoda, akaivaa kofia kando kama mwenyewe, akakohoa kikohozi cha Shomari. Akachota tonge, akalitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka.

"Chausiku!" akapaza sauti. "Chumvi imesafiri?"

Awe aliyajua au yalimtoka tu, hayo ndiyo maneno aliyoyasema Shomari kila siku ya ndoa yao, hata chakula kikiwa na chumvi yake kamili. Na jibu lilikuwa lile lile kila siku. Kabla Chausiku hajajua anafanya nini, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Imekwenda kumsalimia mama yako, hawajawahi kuonana!"

Bi Tabu akashika kiuno kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na tonge.

"Kumbe! Miaka minne mnanisema hivyo ndani ya nyumba hii?"

Chausiku akaziba mdomo kwa kiganja. Akamtazama mkwe wake. Kicheko kikamtoka puani, kikageuka kilio, kikawa vyote viwili kwa pamoja. Bi Tabu naye akalia, mara ya kwanza tangu wamzike mwanawe, huku bado kanyoosha lile tonge. Chausiku akalipokea kwa mdomo, akala.

"Kweli halina chumvi," akasema. Akaomba la pili.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Masumbuko akasimama. "Mtoto ni Masumbuko! Mimi nimeita, yeye kaitika. Siku saba mmemlilia hapa, mimi nimemaliza kazi kwa tonge moja."

"Kazi gani?" akasema Mashavu. "Umekuja na njaa zako, ukapiga kelele kwa uchu. Chakula kingekuwa na chumvi ungesema nini wewe? Ungekula ukanyamaza! Mtoto ni Mashavu."

"Mtoto wa kiume aitwe Mashavu?"

"Kwani hana?"

"Wewe umesahau tu! Kusahau nako kuna zawadi?"

"Nimesahau kwa sababu nilikuwa nalinda. Siku saba kwangu hakujawaka moto, watoto wangu wanakula huku, macho yangu haya si moshi peke yake."

Bi Tabu akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Tulieni. Kofia nimetoa mimi. Bila kofia, mtani ni mpita njia mwenye kelele. Na tonge lilikuwa mkononi mwa nani? Lingekuwa halipo, angesema kisha angekula nini? Mtoto ni Tabu."

"Lakini wewe ndiye uliyeweka ahadi," akasema Masumbuko. "Utajizawadia mwenyewe?"

"Na kutukanwa nimetukanwa mimi! Au hilo nalo ni lako?"

Wote watatu wakamgeukia Chausiku. Akawatazama mmoja mmoja: macho mekundu ya Mashavu, miguu ya Masumbuko, kanga ya Bi Tabu isiyofungika. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anasubiri kuitwa Masumbuko, au Mashavu, au Tabu.

"Mniache kwanza nimalize sahani," akasema.

Basi nyinyi mliosikiliza, mwamulieni. Kuna aliyesahau chumvi, kuna aliyeiulizia, kuna aliyetoa kofia na kushika tonge siku saba. Je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto yule?

Kinachojulikana ni kwamba alasiri ile maziwa yalirudi, na mtoto akanyonya mpaka akalala.