Kochi Lisilolaliwa

Wapendwa, wahubiri waliosoma wana vyeti ukutani. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na shule ikalia. Lakini kwa habari za kunguni, kaeni niwafundishe, maana mkoa huu mzima hajazaliwa wa kunizidi.

Palikuwa na baba mmoja, ana mke, ana binti aitwaye Tunu, na nyumba ya vyumba vitatu iliyojaa kunguni. Tena si kunguni wa kuhadithia tu. Kunguni wazito! Mmoja, nasikia, alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kung'ata, kwa adabu.

Baba huyu akajifanya daktari wao. Akachanganya mafuta ya taa, majivu na pilipili kichaa, akapaka vitanda mpaka nyumba nzima ikawa inapiga chafya wakati wa sala. Akaanika magodoro juani. Akamwaga maji ya moto kwenye chaga. Kunguni wakapungua, naye akatembea kifua mbele. Siku ya tano, hao wamerudi, tena wamenenepa.

Mkewe akasema, "Baba Tunu, tutafute fundi wa kupulizia dawa. Wakwe wanakuja kuleta posa. Mama wa kijana akitoka hapa na kunguni kwenye kitenge chake, unadhani mtoto wetu ataolewa?"

"Nimlipe mtu aje kuua mdudu ninayemfinya kwa kidole gumba?"

"Hicho kidole kinafinya tangu Pasaka, mume wangu. Sasa ni Septemba."

Katika nyumba ile, kitu kimoja tu hakikuwahi kuonja pilipili: kochi la wageni. Mnalijua, msinitazame hivyo! Lile lenye vitambaa vyeupe vya kufuma, ambalo watoto hawaruhusiwi hata kuliegemea. Baba alisema, hilo ni safi, halilaliwi na mtu. Hata mzee wa kanisa alipolikalia akaanza kujikuna kabla chai haijamiminwa, baba alinong'ona, "Huyu kaja nao kutoka kwake."

Zikabaki wiki tatu wakwe waje. Mchana mmoja baba akamsikia Tunu analia jikoni peke yake, na hakuwa anakata vitunguu. Kiburi kikamshuka mpaka kwenye kandambili. Akaenda kuita fundi.

Fundi alikuwa mama mmoja mfupi, bomba mgongoni. Baba akamwonyesha vitanda, kabati, mikeka. Yule mama hakupulizia hata tone. Alipita moja kwa moja sebuleni, akapindua kochi, akachana kitambaa cha chini. Jamani! Palikuwa na mji pale. Walikuwa wamebakiza kuchagua mwenyekiti wa mtaa.

"Mzee, nani analala hapa?"

"Hapo halali mtu. Hilo ni la wageni."

"Kunguni hajengi mbali na chakula. Wengi hivi, kuna mtu anawalisha kila siku. Ni nani?"

Baba akatazama dari. Mke akatazama sakafu. Tunu akajiziba mdomo kwa kanga.

"Ni mimi," baba akasema, sauti ya mtoto aliyevunja chungu. "Mchana, mkishaenda shamba, najinyoosha hapo kidogo. Halafu jioni nahamia kitandani, na wao nyuma yangu."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. "Tunajua, Baba Tunu! Ule mkoromo tunausikia tukiwa kwenye mihogo. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe."

Baba akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Kisha naye akacheka. Fundi akafunga barakoa. "Afadhali umesema, mzee. Sasa najua pa kuanzia." Kochi likatoka nje mchana kweupe, majirani wakiona. Fundi akapulizia nyumba yote, na baada ya wiki mbili akarudi kwa ajili ya mayai. Wakwe walipokuja walikaa kwenye kochi lile saa nne nzima, na hakuna aliyejikuna. Tunu akaposwa.

Sasa sisi. Tunafunga, tunatoa sadaka, tunaanika magodoro yetu mbele za watu. Vizuri, anika! Lakini mbona yale yale yanarudi? Je, si kwa sababu kuna kochi moja hatuligusi, tunaloliita safi, na kumbe ndipo tunapojilaza wengine wakishatoka? Na wewe unayejificha, unadhani Mungu hajui? Ndugu yangu, mkoromo wako unasikika mpaka kwenye mihogo! Hakuja kukuaibisha. Amesimama sebuleni, dawa iko mgongoni, anangoja useme neno moja tu: "Ni mimi."

Semeni, wapendwa. Mtalala usingizi mzuri leo.